Pesa Huingia kwa Msimu, Hutoka Kila Siku: Msusi wa Kulesa Ajipange Vipi?

Ukiwa msusi, hii unaijua. Umesimama tangu saa nne asubuhi, mteja yuko kwenye kiti cha plastiki, vidole vimeanza kuwaka moto. Saa tisa mchana kichwa kimekamilika. Mteja anajitazama kwenye kioo, anageuka kulia, anageuka kushoto, anatabasamu. "Dada, umenitoa vizuri! Nitakutumia jioni."

Jioni inafika, simu kimya. Kesho yake vilevile. Wiki ijayo mnakutana njiani, na anayeona haya ni wewe unayedai.

Makala haya ni ya wateja wetu wanaosuka, wanaonyoa na wanaopaka hina vijijini. Tumechagua kuyaweka Kulesa, kando ya Mto Tana katika eneo bunge la Garsen, kwa sababu pale changamoto za kazi hii zinaonekana wazi kuliko mjini. Mjini mteja akikosekana leo, kesho atapita mwingine. Kijijini wateja ni walewale, mnajuana kwa majina, na mwaka una miezi ya neema na miezi ya kukaza mkanda.

Tunaloamini ni hili: saluni nyingi za kijijini hazifi kwa kukosa wateja wala ufundi. Zinakufa kwa sababu pesa huingia kwa msimu na kutoka kila siku, na zote hupita kwenye mfuko mmoja. Simu haiwezi kukuletea mvua nzuri wala kuzuia mafuriko. Lakini inaweza kukusaidia kutenganisha mifuko hiyo. Tuone namna gani.

Kalenda ya saluni ni kalenda ya mto

Watu wa Kulesa, kama vijiji vingi vya Wapokomo kando ya Tana, hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe. Majirani zao Waorma na Wawardei ni wafugaji. Kwa hiyo msusi wa pale analipwa, ukifuatilia vizuri, na shamba au mifugo. Mpunga ukivunwa, maembe yakipata mnunuzi, ng'ombe akiuzwa mnadani, kiti cha saluni hakipoi. Pesa hizo zikikauka, watu husuka wenyewe nyumbani chini ya mwembe.

Ukichora mwaka mzima utaona vilele vyake. Desemba ni ya wanaorudi nyumbani kutoka Malindi, Mombasa na Nairobi, pamoja na harusi. Januari ni ya wanafunzi, mistari kwa wasichana na kunyolewa kwa wavulana. Halafu kuna Idi, ambayo haikai mahali pamoja: kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi au kumi na moja. Mwaka 2024 Idul Fitri iliangukia Aprili, 2025 ikawa mwishoni mwa Machi. Kwa hiyo msusi anayesema "Idi iliyopita nilianza kununua bidhaa tarehe fulani" na kurudia tarehe hiyohiyo, atachelewa.

Halafu kuna maji. Watu wa Delta ya Tana hawahitaji kukumbushwa El Niño ya 1997 na 1998, wala mafuriko ya 2018. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji yalipanda tena na barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatika upande wa Lango la Simba na Gamba. Barabara ikikatika, nywele za kusuka, mafuta na dawa kutoka Malindi au Mombasa hazifiki. Na zikifika, mteja mwenyewe yuko kambini au amehamia kwa jamaa mahali pa juu. Hana haja ya rasta wakati huo.

Amani nayo ni sehemu ya kalenda. Waliokuwa wakifanya biashara katika Delta wakati wa mapigano ya 2012 na 2013 wanajua kwamba soko likifungwa kwa hofu, kila duka hufungwa nalo. Saluni hupona pale watu wa jamii zote wanapokaa kwenye benchi moja kusubiri zamu.

Jambo moja la manufaa: mafuriko ya Tana mara nyingi hutoa taarifa. Mabwawa ya juu ya mto, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yakijaa na kuanza kumwaga, maji huchukua siku kadhaa kabla ya kufika Delta. Tangazo likitolewa kwenye redio kwamba Masinga imejaa, hizo ndizo siku zako za kuinua mashine, drai na mabunda ya nywele, na kumaliza kudai madeni.

Panapovuja kwanza: bei isiyohesabu saa

Wasusi wengi hupanga bei kwa kumwangalia jirani. "Fulani anasuka rasta kwa Sh1,200, nami nitoze hivyo." Hebu tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Chukua kalamu uweke zako.

Rasta ya Sh1,200, nywele juu yako:

- Pakiti 4 za nywele kwa Sh120: Sh480
- Mafuta, jeli, maji moto: Sh40
- Sehemu ya kodi ya chumba na stima kwa saa 5: Sh60
- Msaidizi: Sh150
- Kinachobaki: Sh470

Umefanya kazi saa 5. Gawanya: Sh94 kwa saa.

Sasa chukua mistari ya kawaida ya Sh200, ambayo inakuchukua saa moja. Toa mafuta Sh10, toa sehemu ya kodi Sh12. Unabaki na Sh178 kwa saa hiyo moja.

Umeona? Kazi unayoiona ndogo inakulipa karibu mara mbili kwa kila saa. Hatusemi uache rasta. Wateja wa rasta ndio wanaotangaza jina lako, na siku ambazo benchi ni tupu, Sh470 ni bora kuliko kukaa bure. Lakini wiki ya kufungua shule, wakati wasichana kumi wamepanga foleni, kumchukua mteja mmoja wa rasta saa nne asubuhi kunaweza kukugharimu. Mpe miadi ya siku ya Jumatano, siku tulivu.

Kwa kinyozi hesabu ni ileile, ila yeye adui yake ni chaji. Mashine ikizimika katikati ya kichwa, mteja huyo harudi. Sola ndogo au betri ya akiba iingie kwenye hesabu ya gharama, na spiriti ya kusafishia mashine pia. Wembe ni wa mteja mmoja, kisha unatupwa. Mapunye na magonjwa ya damu hayana msimu, na kijiji kikisikia mtoto ameambukizwa kwako, hakuna tangazo litakalokuokoa.

Panapovuja pili: "nitakutumia"

Deni la saluni ni gumu kulidai kwa sababu huwezi kuchukua bidhaa yako na kuondoka. Duka likikopesha sukari, linajua kilo ngapi zimetoka. Wewe umekopesha saa tano za mwili wako.

Malipo ya simu yamepunguza kisingizio cha "sina chenji" na "sikubeba pesa". M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, watu waliitumia zaidi kutuma pesa nyumbani. Leo hata mistari ya Sh200 hulipwa kwa simu. Mwaka 2020, wakati wa korona, ada ya kutuma hadi Sh1,000 iliondolewa tangu Machi hadi Desemba, na watu wakapata sababu zaidi ya kulipa vitu vidogo kwa njia hiyo. Lakini simu pia imezaa kisingizio kipya: "nitakutumia".

Tunapendekeza utaratibu huu, nao ufuate kwa kila mtu, awe shemeji au mgeni:

1. Taja bei kabla hujagusa nywele. "Rasta hizi ni elfu moja na mia mbili, mama. Nywele ni zangu."
2. Omba malipo kabla ya kumalizia. Mistari michache ya mwisho ikibaki, mwambie kwa upole: "Dada, namba ya kulipia ndiyo ile ukutani. Ukilipa tunamalizia na maji moto." Hapo hakuna aliyeaibika.
3. Ukikubali deni, liandike mbele yake, pamoja na siku ya kulipa. Mtumie ujumbe mfupi papo hapo: "Asante kwa kuja. Salio ni Sh400, Ijumaa inshallah." Ujumbe huo ni daftari lako.
4. Weka kikomo. Amua mwenyewe kwamba madeni yote ya nje yasizidi bei ya bunda moja la nywele. Yakifika hapo, hakuna deni jipya mpaka la zamani lilipwe.

Bandika namba ya biashara ukutani, kubwa, mbali na kioo ili isifunikwe na watu. Kabla ya kulipa, mteja huona jina la saluni yako kwenye simu. Mzoeze kulisoma kwa sauti. Hilo peke yake linazuia pesa kwenda kwa mtu mwingine kwa kukosea tarakimu moja.

Panapovuja tatu: ujumbe wa uongo

Saluni imejaa, redio inaimba, mikono yako ina jeli. Mteja anakuonyesha simu yake: "Imeshaenda, ona." Au simu yako inalia, unaona maneno "umepokea Sh1,500", unaendelea na kazi. Jioni ukihesabu, hakuna kitu.

Walaghai hupenda saluni kwa sababu mikono yenu haiko huru. Basi shika haya:

Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo. Malipo ni salio lako kuongezeka. Fungua menyu, angalia salio la biashara. Kama mikono imejaa, msaidizi mwaminifu aangalie, bila kujua namba ya siri ya kutolea pesa.

Tazama ujumbe umetoka wapi. Ujumbe wetu wa malipo huja kwa jina letu. Ukitoka kwa namba ya kawaida ya simu, hata ukiandikwa vizuri namna gani, ni wa uongo.

Akikupigia mtu akisema, "Samahani dada, nimekutumia kimakosa, nirudishie haraka, mtoto yuko hospitali," usitume kitu. Kwanza angalia kama pesa iliingia kweli. Kama iliingia, mwambie aripoti kwa mtoa huduma wake ili irudishwe kwa njia rasmi. Ukirudisha mwenyewe, halafu yeye aombe pia ile ya kwanza irudishwe, utakuwa umelipa mara mbili.

Namba ya siri ni yako peke yako. Mfanyakazi wetu hatakuuliza kamwe, wala kwa simu wala ana kwa ana. Usimpe hata wakala anayekusaidia kutoa pesa, bonyeza mwenyewe.

Panapovuja nne: mkopo wa kula

Mikopo ya simu imesaidia wasusi wengi kununua bidhaa kabla ya Desemba. Imewaumiza wengine pia. Tofauti iko kwenye swali moja: pesa hii italeta pesa kabla ya siku ya kulipa?

Tuseme umekopa Sh3,000 kwa mwezi mmoja, na gharama ya mkopo ni asilimia 9. Utarudisha Sh3,270. Ukinunua nywele wiki mbili kabla ya Idi na zote zikaisha, zile Sh270 ni gharama ndogo. Lakini ukikopa Sh3,000 hizohizo katikati ya masika, barabara imekatika, ukanunua unga, siku ya kulipa itafika na kiti bado ni kitupu. Utakopa kwingine kulipa hapa. Huo ndio mtego, na mara nyingi huanza na kiasi kidogo tu.

Linganisha gharama kabla ya kubonyeza. Hustler Fund ya serikali, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka. Sh3,000 kwa siku 14 ni riba ya kama Sh9, ila utapokea Sh2,850 kwa kuwa asilimia 5 huwekwa kwenye akiba yako. Chama cha akina mama kijijini kinaweza kuwa nafuu kuliko vyote. Na wakopeshaji wa kidijitali siku hizi wanasimamiwa na Benki Kuu ya Kenya chini ya kanuni za 2022. Hawaruhusiwi kuwapigia jamaa na wateja wako ili kukuaibisha. Wakifanya hivyo, una haki ya kulalamika.

Fursa ya kwanza: jilipe mshahara

Hapa ndipo tungependa ukae nasi kidogo, maana ndio moyo wa makala haya.

Chukua mwaka wa mfano. Miezi 4 mizuri, faida Sh16,000 kila mmoja. Miezi 5 ya wastani, Sh9,000. Miezi 3 mibaya, Sh4,000. Jumla ni Sh64,000, Sh45,000 na Sh12,000, yaani Sh121,000 kwa mwaka.

Msusi wa kwanza hutumia kila kinachoingia. Desemba ananunua kitambaa kipya na kuchangia kila harusi. Mwezi wa Mei anakopa.

Msusi wa pili anajilipa Sh9,000 kila mwezi, iwe Desemba au Mei. Miezi mizuri inamwachia Sh7,000 kila mmoja, jumla Sh28,000. Miezi mibaya inampungukia Sh5,000 kila mmoja, jumla Sh15,000. Mwisho wa mwaka amekula kila mwezi sawasawa, na bado ana Sh13,000 za kununulia bidhaa au kubadilisha drai.

Wote wawili wamepata pesa sawa na wana vidole sawa. Mmoja analala, mwingine anakesha akihesabu madeni.

Namna ya kufanya kwenye simu ni rahisi. Malipo yote ya wateja yaingie kwenye namba ya biashara. Jumamosi jioni hamisha mshahara wako wa wiki kwenda laini yako binafsi. Nyumbani kuwe na pesa ya laini binafsi tu. Kinachozidi, peleka kwenye akiba iliyofungwa hadi mwezi unaoutaja. Mtoto akiomba pesa ya daftari, jibu linatoka kwenye mshahara, si kwenye droo ya saluni. Mara ya kwanza utaona ni uchoyo. Mwezi wa Mei ukifika utaona ni hekima.

Na kuhusu mafuriko: noti zilizowekwa chini ya godoro huondoka na godoro. Pesa iliyoko kwenye akaunti haizami hata simu ikizama. Ukipoteza simu, unarudisha laini kwa kitambulisho na salio linakuwa palepale. Kwa hiyo kitambulisho kiweke kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Weka pia pesa taslimu kidogo mkononi, kwa sababu minara ya mtandao nayo huweza kuzimika na mawakala wakaishiwa pesa siku hizo.

Fursa ya pili: amana wakati wa msimu

Desemba na siku za kabla ya Idi, anayekuja bila miadi hugombana na aliyeahidi kuja asije. Omba amana. Theluthi moja ya bei, ilipwe kwenye namba ya biashara siku mbili kabla. Mwambie sharti mapema: akihairisha siku moja kabla, amana inasogezwa, asipokuja kabisa, inabaki kwako. Atakayekataa kuweka Sh400 leo, huyo ndiye ambaye kesho angekuacha umekaa bure.

Amana ina faida nyingine. Ni pesa ya kununulia nywele bila kukopa. Wateja watano wakiweka amana, safari ya Malindi imeshalipiwa, au umemtumia muuzaji pesa naye akapakia mzigo kwenye gari la jioni.

Fursa ya tatu: anayelipa yuko mbali

Watoto wengi wa Tana River wanafanya kazi Mombasa, Nairobi na hata nchi za Ghuba. Mama yuko Kulesa. Mtoto akitaka mama apendeze kwa harusi ya binamu, anaweza kulipa moja kwa moja kwenye namba ya saluni badala ya kutuma pesa itakayoishia dukani. Msusi mwerevu huwaambia wateja wake: "Mwanao akipiga simu, mpe namba yangu." Ni soko ambalo halitegemei mavuno ya msimu huu.

Fursa ya nne: pazia, hina na nywele asilia

Wanawake wengi wa Kiislamu wa eneo hili hawafunui nywele mbele ya mwanamume asiye maharimu wao. Saluni yenye dirisha wazi linalotazama njia inawakosa wote. Pazia zito, mlango unaofungwa na sheria ya "wanaume wasubiri nje" vinagharimu kidogo kuliko kioo kipya, na vinaleta wateja ambao walikuwa wakijihudumia nyumbani. Ongeza hina na piko, na una kazi ya mikono na miguu juu ya ile ya kichwa.

Nywele asilia nazo zinarudi. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulikuta kwamba wanaotumia mara kwa mara dawa za kunyoosha nywele walipata zaidi saratani ya mfuko wa uzazi. Habari kama hizo zimewafanya wengi waulize njia nyingine. Kuosha, kulainisha kwa mafuta ya nazi, kusuka bila kuvuta kingo za paji la uso: hizo ni huduma ambazo malighafi yake iko Pwani, haisubiri lori kutoka mbali. Na mteja ambaye kingo zake hazijakatika atasuka kwako miaka ishirini.

Fursa ya tano: karatasi na kumbukumbu

Wasusi wengi wamefunzwa na dada au shangazi, na ufundi wao hauna cheti. Mamlaka ya NITA hufanya mitihani ya ufundi, ususi ukiwemo, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Cheti hakikufanyi ujue kusuka, lakini kinafungua mlango wa kuajiriwa hotelini, kufundisha, au kuchukua wanagenzi.

Kumbukumbu za malipo ni cheti cha pili. Miezi sita ya malipo kwenye namba ya biashara inaonyesha mkopeshaji au chama kwamba una mapato halisi.

"Lakini KRA wakiona?" Tunaulizwa hivyo mara nyingi. Kodi ya mauzo ya asilimia 3, iliyowekwa tangu Julai 2023, inamhusu mwenye mauzo ya zaidi ya Sh1,000,000 kwa mwaka. Hiyo ni kama Sh2,740 kila siku, bila kupumzika hata siku moja. Saluni yako ikifika hapo, hongera. Nenda ukaulize kuhusu kodi hiyo na nyingine zinazokuhusu. Na ule ushuru wa asilimia 15 kwenye huduma za pesa za simu hutozwa juu ya ada, si juu ya pesa unayotuma.

Anza wiki hii

Usifanye yote kwa siku moja. Tunakushauri hivi:

- Jumatatu: pima muda wa kila mtindo unaosuka, upate faida ya kila saa.
- Jumanne: tenganisha namba ya biashara na laini yako.
- Jumatano: andika madeni yote, tuma ujumbe wa adabu kwa kila mdaiwa.
- Alhamisi: bandika bei na namba ya kulipia ukutani.
- Ijumaa: mfundishe msaidizi kuangalia salio.
- Jumamosi: jilipe mshahara wa kwanza, hata ukiwa Sh500.

Mara nyingine mteja akisema "nitakutumia jioni", utakuwa na jibu, nalo halina ugomvi: "Sawa mpenzi, namba ndiyo ile ukutani. Nakusubiri utume, halafu tumalizie hii mistari miwili."